Mkono wa Khidri

Picha iliingia Ismailia katikati ya Ramadhani, kwenye gazeti la Kifaransa lililofungiwa jibini, na kabla ya jua kutua siku hiyohiyo ilikwisha kumharibia mtu jina.

Stamati, Mgiriki mwenye duka la vyakula, aliikunjua, akaipangusa mafuta kwa mkono wa shati, akaona duka lake limo. Basi akaibandika kwenye kioo cha dirisha lake kwa ndani, uso ukitazama mtaani, ili hata asiyenunua kitu aone. Ulikuwa ni mji wao wenyewe, umechorwa kwa mistari myembamba kama nywele: mfereji, ziwa la Timsah lenye meli, msikiti, majumba ya wakubwa wa mfereji na baraza zao za mbao. Mchoraji alikuwa mkarimu. Miti aliyoipa vivuli vipana ilikuwa kwa kweli vijiti vilivyozungushiwa miba, mbuzi wasije wakaumaliza mji kwa asubuhi moja.

"Jamani, kumbe tuna msitu!" akasema mchukuzi mmoja.

"Na msikiti ameuhamisha. Tazama, umevuka barabara."

"Hawa wamehamisha bahari, msikiti utawashinda?"

Wakacheka. Upepo wa baridi ulikuwa ukipuliza mchanga mtaani, na watu walisimama wamejifunga vilemba mpaka puani, lakini hakuna aliyeondoka. Ndipo Bi Sattuta, muuza maharage, mwanamke aliyeweza kuhesabu meno ya mtu aliyefumba mdomo, akaweka kidole chake kwenye kioo, chini kabisa, mbele ya picha.

"Na hawa je? Huyu si Ghunaim? Na huyu si Khidri?"

Walikuwa ndio. Wanaume wawili wameketi juu ya mkeka nje ya mgahawa wa kahawa, magoti kwa magoti, mkono wa huyu umeshika mkono wa yule, na leso imefunika viganja. Ilikuwa nikahi ya Nabawiya mwoka mikate, mjomba wake Ghunaim akimwoza kwa Khidri, na kila mtu alimkumbuka yule khawaja, mzungu wa kofia ya ukindu aliyeketi ng'ambo ya barabara siku ile, akichora huku akilamba penseli.

Bi Sattuta alisogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mbona wameshikana kwa mikono ya kushoto?"

Kicheko kikakatika.

*

Nabawiya alikuwa tanurini. Habari ilimfikia ikiwa bado moto kuliko mikate yake, kwa sababu mjomba wake Ghunaim aliileta mbio, na Ghunaim hakuwa amekimbia tangu siku wafalme walipokuja kufungua mfereji na watu wakagawiwa nyama ya bure.

"Umeponea, mwanangu! Umeponea!"

"Nimeponea nini, mjomba?"

"Ndoa! Picha iko kwa Stamati, Khidri alinipa shoto!"

Nabawiya alisimamisha koleo la mbao. "Alikupa wewe. Umeshika mkono wa mtu, hukujua ni upi?"

"Leso ilikuwa juu."

"Leso ilikuwa juu ya mikono. Haikuwa juu ya macho yako."

"Mimi nilikuwa namtazama shehe! Niwe natazama viganja kama mchawi?"

"Na wewe mwenyewe, pichani umetoa upi?"

Ghunaim alifikiri kidogo. "Mtu akikuletea shoto, utaipokea na nini? Unalazimika."

Nabawiya hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka mpaka aketi chini. Alirudisha koleo motoni. Moyo wake ulikuwa umeruka kama ndege aliyesikia mlango wa tundu umeguswa, na aliona haya kuusikia.

Kwa maana jambo lenyewe lilikuwa hivi. Alikuja hapa kutoka Girga, kule Misri ya juu, na mume wake wa kwanza aliyekuja kuchimba. Kipindupindu kilimchukua mume huyo mji ukiwa bado mahema. Shemeji zake walituma ujumbe arudi, hakurudi. Alifinyanga tanuri kwa udongo wa ziwani kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kuwauzia wachimbaji mikate, na polepole watu wakaacha kumwita mjane wa fulani, wakamwita Nabawiya wa Tanuri. Hapa hakuna aliyekuwa mtoto wa mji. Hapakuwa na bibi kizee wa kukwambia mama yako alikuwa hivi na nyanya yako vile. Mji ulikuwa hauna hata kaburi la mtu aliyekufa kwa uzee.

Kisha akaja Khidri, mtia makaa kwenye mtambo wa kuchota mchanga mferejini, mtu wa Girga pia, mweusi kwa masizi mpaka kope, anayekula mkate wake kimyakimya kama anayeusikiliza. Alimpenda. Alimpenda, lakini alimtuma mjomba wake aweke sharti, na lile sharti lilitamkwa mikono ikiwa imeshikana chini ya leso: Nabawiya hatahamishwa kwenye mji wa tanuri lake. Khidri akajibu, "Nimekubali." Angeingia kwake baada ya Idi.

Kisha wafalme wakaja, wakala, wakaondoka. Mitambo mingi ikafungwa. Watu wakaanza kukunja mikeka. Kila asubuhi kulikuwa na nyumba moja zaidi isiyotoa moshi, na Khidri naye akaanza kutazama upande wa kusini.

"Tutarudi nyumbani," alimwambia wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

"Ulikubali sharti."

"Nilikubali kazi ikiwepo."

"Si umeambiwa ubaki mtamboni? Mchanga unaingia mferejini kila siku."

"Ndiyo hasa! Nauchota leo, kesho umerudi. Ile si kazi, Nabawiya, ile ni adhabu ya kaburini. Girga kuna shamba, kuna mama."

"Kule tanuri lina mwenyewe, mama yako."

"Sharti ni maneno. Mke humfuata mume."

Hayo yalikuwa maneno ya mwisho kati yao. Na sasa hii picha. Kama mkono ulikuwa wa kushoto, basi hapakuwa na ndoa, na tanuri lingebaki na moshi wake, na yeye na tanuri lake.

*

Laiti mashahidi wangekuwepo, jambo lingekwisha kwa kikombe kimoja cha kahawa. Lakini shehe aliyefunga nikahi alikwisha kwenda zake Damieta. Shahidi mmoja alikuwa Suezi akipakia meli, wa pili alifuata kazi ya miwa, hakuna aliyejua wapi. Mji ule ulikuwa kivuko. Ukigeuka kumwita mtu, unakuta nyayo, na ukigeuka tena, upepo umezifuta.

Wakampelekea shauri Shehe Radwani, imamu mpya.

"Ndoa ni maneno, si vidole," akasema. "Lakini mtu anayesema 'nimekubali' huku akitoa mkono wa chooni chini ya leso, huyo anacheza na ndoa ya watu, na sharti lake ni hewa. Khidri aape kwamba alitoa wa kulia. Akishindwa, kila mmoja ashike njia yake. Kesho kutwa, kabla ya futari, tuonane kwenye hiyo picha."

Wakamwomba Stamati aipeleke msikitini. Stamati akakataa katakata. "Nimeibandika kwa gundi ya unga. Iking'oka itachanika. Shehe aje hapa, simwumi."

Khidri, masikini, ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuitilia shaka picha. Alisimama mbele ya kioo akajitazama, akatazama mikono yake miwili, akatazama tena. Mtu mwongo angeapa palepale. Yeye alisema, "Nilikuwa na hofu siku ile. Labda... Siwezi kuapa jambo nisilolikumbuka, tena mwezi huu."

Hiyo ilitosha. Watoto wakampa jina kabla hajafika mwisho wa mtaa. "Shoto! Shoto! Baba Shoto huyo!" Jioni, watu walipoketi kwenye mkeka mrefu nje ya msikiti kufuturu, sahani ya maharage ilipofika mbele yake wenzake walisogea. Mmoja alikumbuka sahani ya upande wa pili ina chumvi nzuri zaidi. Mwingine alidai upepo unamwingia sikioni pale alipo. Khidri akabaki na sahani nzima peke yake, sahani ya watu watano, na mkono wake wa kulia ukielea juu ya chakula kama mgeni asiyejua aingie mlango upi.

Nabawiya aliona. Alikuwa akipita na sinia la mikate kichwani.

*

Kesho yake alikwenda dukani kwa Stamati kununua sukari ya vileja vya Idi. Ilikuwa alasiri. Jua la baridi lilikuwa limeshuka upande wa jangwani na kupiga dirisha moja kwa moja, na Stamati alikuwa ameligeuzia mgongo, akichimba sukari kutoka guniani na kulaani unyevu wa ziwa.

Nabawiya akainua macho.

Kutoka ndani, karatasi ilikuwa imewaka kama ngozi ya taa. Maandishi ya Kifaransa ya upande wa nyuma yalitambaa angani kama sisimizi, lakini nyuma yake mji ulionekana wazi. Na msikiti ulikuwa umerudi mahali pake. Ziwa lilikuwa upande wa ziwa. Duka la Stamati lilikuwa kwenye kona ya Stamati. Kulikuwa hata na uzi wa moshi nyuma ya mgahawa wa kahawa, palepale tanuri lake lilipo.

Akashusha macho kwenye mkeka. Mkono wa kulia. Wote wawili, mikono ya kulia.

Baba yake kule Girga alikuwa mchonga mihuri ya mti, ile ya kugongea maua kwenye vileja vya Idi. Nabawiya alipokuwa mdogo aliiba kisu akachonga jina lake, herufi safi kabisa, akaligonga kwenye unga, likatoka limetazama nyuma. Baba yake alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mti ni kioo, mwanangu. Ukitaka kulia, chonga kushoto." Yule khawaja wa kofia ya ukindu, au huyo aliyemchongea picha mtini huko kwao ipigwe chapa gazetini, hakuwa na baba wa kumcheka.

"Sukari yako, bibi," akasema Stamati. "Bibi? Umeona panya?"

"Nimeona mchanga," akasema Nabawiya. "Unaingia mpaka ndani."

Akatoka bila sukari.

Siku ile hakutulia. Alikanda unga mara mbili, wa kwanza akausahau ukachacha. Alifagia mlangoni, upepo ukarudisha, akafagia tena. Alijiambia kwamba hajasema uongo. Kwani kanyamaza tu. Alijiambia kwamba Khidri mwenyewe alivunja neno kwanza. Alijiambia kwamba mtu hafi kwa kuitwa Shoto. Kisha alikumbuka ule mkono ukielea juu ya sahani, akatupa ufagio.

Khidri alikuja adhuhuri iliyofuata. Alisimama mbali kidogo na tanuri, kama mtu anayeogopa kuambukiza mikate.

"Sikuja kugombana."

"Karibu."

"Siku ile ulikuwa dirishani kwa Bi Sattuta. Nilikuona. Wewe ulituona sote." Alimeza mate makavu ya mfungaji. "Nilitoa mkono gani?"

Angeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Nilikuwa nakutazama usoni," akasema.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Khidri alitikisa kichwa polepole, akakaribia kutabasamu.

"Basi hakuna aliyeona. Mimi naanza kuamini picha, Nabawiya. Jana usingizini nilikuwa nanyoa ndevu kwa mkono wa kushoto." Akageuka kwenda. "Leo nitawaambia sijui. Utabaki na tanuri lako. Labda ndivyo ilivyoandikwa."

*

Walikusanyika jua likiwa limebakiza urefu wa fimbo. Shehe Radwani alisimama mtaani, hatua kadhaa kutoka mlangoni, maana ndani Stamati alikuwa na mapipa ya mvinyo na yeye hakutaka hata kivuli chake kiyaguse. Ghunaim alikuwa amevaa kilemba kipya. Bi Sattuta aliketi mbele kabisa juu ya ndoo aliyoifudikiza.

"Khidri," akasema shehe, "unaapa?"

"Shehe, sijui."

"Hajui!" Ghunaim akadaka. "Mkono wake mwenyewe haujui! Kesho atatuambia hajui kichwa chake kiko wapi."

"Kiko pale panapokosekana chako," akasema mtu wa nyuma, na watu wakaguna kwa kicheko.

"Kama ni hivyo," akaanza shehe.

"Ingia ndani, shehe."

Watu waligeuka. Nabawiya alikuwa amesimama kwenye mlango wa Stamati, ushungi umemfunika mpaka machoni, sinia la mikate kichwani. Sauti yake ilitetemeka, na kwa kuwa ilitetemeka aliipandisha.

"Ingia ndani uitazame picha kwa nyuma."

"Mwanangu, mle mna mapipa."

"Yamefungwa. Hayatakurukia."

"Nabawiya!" Ghunaim alinong'ona kwa nguvu iliyosikika mpaka ziwani. "Wewe uko upande gani?"

Nabawiya alisogea kando ya mlango. Shehe alisita, akatazama jua, akakusanya kanzu yake kwa mikono miwili kama anayevuka tope, akaingia. Wakamfuata, wote waliotosha na wengine wasiotosha, wakisimama juu ya magunia huku Stamati akililia dagaa zake za kopo. Mwanga ulikuwa ukipita kwenye karatasi.

"Msikiti wako uko wapi, shehe?" Nabawiya akauliza.

Shehe alitazama kwa muda. "Uko... uko mahali pake."

"Picha hii imegongwa kwa mti, kama muhuri wa vileja, na aliyechonga hakugeuza. Ulichogeuza mtini hunyooka kwenye karatasi, na usichogeuza hugeuka. Tulisema wote kwamba msikiti umevuka barabara, tukacheka. Msikiti ukivuka, mkono utabaki?"

Watu walibaki wakihesabu ujinga wao, kila mmoja wake. Bi Sattuta ndiye wa kwanza kupumua. "Mimi nilisema tu walichokionyesha," akasema. "Nilisema nilichokiona. Sikusema zaidi." Hakuna aliyemwuliza.

Khidri alikuwa amesukumwa mpaka mbele ya dirisha. Alikuwa akiutazama mkono wake pichani, kisha ule wa mwilini, na macho yake yalijaa. Kisha akamgeukia Nabawiya, naye akaona kwamba Khidri alikuwa akihesabu siku. Adhuhuri tu alikuwa ametoka kwake tanurini.

"Ulijua lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Jana."

"Na leo adhuhuri?"

"Nilijua."

Nabawiya alitarajia matusi. Khidri hakutukana. Alikuwa akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazimisha na anakagua kama kimevunjika.

"Basi ndoa ipo," akasema shehe kwa furaha ya mtu anayetaka kutoka kwenye mapipa. "Alhamdulillahi."

"Ipo," akasema Nabawiya. "Na sharti lipo. Lilitamkwa na mkono huohuo. Mkono ungekuwa wa kushoto, ningekuwa huru nisiwe naye, naye huru kwenda kwao. Nimeutoa uhuru wangu mbele yenu. Sasa yeye aseme. Kama mkono ni wa kulia kwa ndoa, ni wa kulia kwa tanuri pia. Hauwezi kuwa wa kulia asubuhi na wa kushoto jioni."

"Hapo amekushika," akasema Stamati kutoka nyuma ya sukari.

Nje jua lilikwisha kuzama, picha ikazimika kwenye kioo ikawa karatasi tu, na mara mwadhini akaita. Watu wote mle ndani walikuwa na njaa na kiu, na hakuna aliyeondoka. Nabawiya aliteremsha sinia, akalishika mbele yake kwa mikono miwili. Mikate ilikuwa bado ina joto.

Khidri alisimama. Aliangalia mlangoni, upande ule wa kusini ambako reli huanzia, na Nabawiya akaona Girga ikipita usoni mwake: shamba, mama, maji matamu ya mto. Haikupita haraka.

Kisha akanyoosha mkono wa kulia, mbele ya imamu na Bi Sattuta na dunia nzima, akachukua mkate. Akaumega vipande viwili. Kimoja akakiweka tena kwenye sinia, upande wake Nabawiya.

"Nitakaa," akasema. "Mpaka mchanga uchoke."

"Mchanga hauchoki."

"Najua. Mimi ndiye ninayeuchota."

Akala, amekunja uso, bila kumtazama. Hasira alikuwa nayo bado, na alikuwa na haki nayo, na ingechukua muda kuliko Idi kuisha. Nabawiya alijua. Alikula kipande chake pia, amesimama, na wenzake Khidri wakaanza kusogea karibu, mmoja mmoja, wakinyoosha mikono kwenye sinia lilelile naye, wakizungumza kwa sauti kubwa juu ya baridi.

*

Stamati hakuing'oa picha. Akatangaza kwamba kuanzia sasa mji wa kweli unatazamwa kutoka ndani, na anayetaka kuuona anunue kitu.

Na asubuhi ya pili ya Idi, Nabawiya alipoamka kuwasha moto, kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Alitoka na kuni mikononi. Khidri alikuwa amesimama mwisho wa mtaa, mgongo kwake, upepo ukimpiga kanzu, akitazama kusini. Mchanga ulikuwa ukitambaa chini kwa mistari myembamba, ukivuka barabara, ukielekea mferejini.

Hakumwita. Alipiga magoti, akatia kuni, akapuliza. Moto uliposhika alisikia king'ora cha mtambo kikiita watu kazini, akangoja asikie nyayo zitakwenda upande upi.

Zilipita mlangoni pake, bila kusimama, kuelekea mferejini.